Safu ya Lugha: Ujamaa

Neno hili lilizaliwa nyumbani. Jamaa ni ndugu, watu wa ukoo. Ujamaa ni udugu wao. Mwaka 1962 Julius Nyerere alilifanya jina la siasa yake. Kufikia miaka ya 1970, kwa wanavijiji wengi wa Tanzania, “kijiji cha ujamaa” kilimaanisha kuhamishwa: kuacha shamba, kisima na makaburi ya wazee, wengine kwa nguvu. Udugu ukawa amri! Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, aliliandika jeraha hilo katika riwaya ya Gamba la Nyoka (1979). Kamusi hueleza maana. Machungu ya waliohamishwa yamo riwayani. Walimu wa Kiswahili, wasomesheni vijana kitabu hiki.