Daftari la Madeni na Mashine ya Mikopo: Biashara Ndogo za Kajiado katika Enzi ya Akili Unde

Mjadala kuhusu akili unde, yaani mifumo ya kompyuta inayojifunza kutokana na wingi wa data hadi ikaweza kutabiri na kuamua, huelekezwa mno kwenye programu za kutunga matangazo na kujibu wateja. Hata hivyo, kwa mwenye kibanda cha mboga Gataka au duka la rejareja Kitengela, katika kaunti ya Kajiado, suala zito zaidi ni kwamba kompyuta zilianza kumpima kabla hajafikiria kuzitumia. Tangu huduma ya mikopo kwa simu ya M-Shwari ianzishwe mwaka 2012, miaka mitano baada ya huduma ya kutuma pesa ya M-Pesa, mamilioni ya Wakenya wamekopeshwa au kunyimwa mikopo kwa alama zinazokokotolewa kutokana na matumizi ya simu zao, pasipo kuonana na ofisa yeyote wa benki.

Tatizo liko katika yale ambayo mashine haiyaoni. Kitengela ni makazi ya wafanyakazi wengi wa viwanda vya Athi River, vikiwemo vya EPZ, eneo lililotengwa kwa uzalishaji wa bidhaa za kuuzwa nje, na wengi wao huchukua unga, mafuta na sukuma wiki kwa deni katikati ya mwezi, wakalipa mshahara ukiingia. Deni hilo huandikwa katika daftari linalowekwa kando ya mizani, jina la mteja likifuatwa na kiasi, kisha mstari hukatwa juu yake likishalipwa. Mfumo unaosoma simu pekee huona biashara iliyodorora kufikia tarehe 20, ilhali anayeujua mtaa huona katika kurasa za daftari hilo muuzaji mwenye wateja wa kudumu wanaolipa. Vivyo hivyo, mchuuzi wa mifugo aliyepoteza mauzo katika ukame wa 2020 hadi 2023 hubaki na rekodi isiyotofautiana na ya mkopaji mkaidi.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, katika kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutoamuliwa na mashine pekee katika jambo linalomwathiri kwa uzito. Haki hiyo ni ya thamani, lakini hukoma pale mhusika aliporidhia, na ridhaa yenyewe hutolewa kwa kubonyeza kitufe chini ya masharti marefu ambayo ni wachache wanaoyasoma.

Fursa kubwa, basi, imo katika daftari lenyewe. Simu inayoweza kusoma mwandiko kutoka kwenye picha inaweza kuligeuza kuwa kumbukumbu ya mauzo na madeni, mradi mfumo ufundishwe Kiswahili, Sheng na Kimaasai jinsi vinavyoandikwa dukani, na kumbukumbu hiyo ibaki mikononi mwa mwenye biashara au chama chake cha akiba na mikopo (sacco), si mikononi mwa mkopeshaji. Utafiti wa Shirika la Kitaifa la Takwimu la Kenya wa 2016 ulikadiria biashara ndogo kabisa, ndogo na za kati kuwa takriban milioni 7.4, na zenye leseni hazikufikia milioni 1.6; ushahidi wa uaminifu wa zile zisizo na leseni umo katika karatasi za namna hii. Mkakati wa Taifa wa Akili Unde wa 2025 hadi 2030 utamfaa muuzaji wa Gataka iwapo utekelezaji wake utamlazimu kila mkopeshaji kueleza, kwa Kiswahili kinachoeleweka, sababu ya kumnyima mkopo, na kuyapokea maandishi ya daftari lake kama ushahidi wa kupinga uamuzi huo.