Mkonge ulifika mapema, mkono ukachelewa

Mwaka 1893 miche 62 ya mkonge ilishushwa pwani ya Tanga ikiwa bado hai. Iliondoka Florida, Marekani, ikiwa 1,000. Ilipofika bandari ya Hamburg ilikuwa imebaki 200, na safari ya kuja huku ikaimaliza mingine. Hiyo 62 ndiyo aliyoipanda bwana shamba wa Kijerumani, Dakta Richard Hindorf, huko Kikogwe, jirani na Pangani, kwa niaba ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Ilikuwa miaka minne tu tangu Abushiri bin Salim anyongwe palepale Pangani, Desemba 1889, baada ya watu wa pwani, kuanzia Bagamoyo hadi Tanga, kuinuka dhidi ya kampuni hiyohiyo. Wenye ardhi walikuwa wameshindwa vita. Mkonge ukaja kuijaza ardhi yao.

Nimeanza na mkonge ingawa habari ninayoisimulia ni ya vijana wanaokula kwa kurusha vishale. Kwa msomaji wa Bagamoyo, Saadani au Pangani, vishale ni mchezo wa Wazungu unaoonekana kwenye runinga usiku wa Desemba: ukumbi umejaa mashabiki wanaoimba, na jukwaani mtu mmoja kasimama kimya mbele ya ubao wa duara. Ubao ule ni katani. Ukiubandua waya na rangi zake, kinachobaki ni singa za mkonge zilizokatwa fupi, zikashindiliwa kwa nguvu ndani ya bangili ya chuma, ncha zake zikimtazama mchezaji. Kishale hakitoboi kitu. Kinapenya katikati ya singa na kushikwa. Kikichomolewa, singa hurudi mahali pake kama ukoka unavyoinuka baada ya kukanyagwa. Ndiyo maana ubao mmoja hustahimili maelfu ya mirusho.

Zamani haikuwa hivyo. Katika baa za Uingereza ubao ulikuwa kipande cha gogo la mti, na mwenye baa alilazimika kuuloweka majini usiku ili usikauke na kupasuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 kampuni ya Nodor ya London, iliyokuwa imejaribu kutengeneza mbao za udongo wa kufinyanga, iligundua kwamba singa za mkonge zikishindiliwa pamoja hufanya kazi ambayo gogo haliwezi. Ugunduzi huo ndio uliougeuza mchezo wa walevi kuwa mchezo wa vipimo. Ubao uliacha kuloweshwa, na mtu akaweza kufanya mazoezi nyumbani kwake mwaka mzima mbele ya ubao uleule.

Wakati huo Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi zilizoongoza duniani kwa mkonge. Kazi yake anaijua kila aliyekulia Tanga, Muheza, Korogwe au Pangani: kukata majani yenye miba, kuyafikisha kwenye korona, mashine ya kutenga singa na jani, kuanika singa kwenye waya, kuzipiga brashi na kufunga robota. Waliofanya kazi hiyo wengi wao walikuwa manamba, vijana walioletwa kutoka mikoa ya bara kwa mkataba, wakaacha mifupa yao pwani. Katikati ya miaka ya 1960 nchi ilizalisha takriban tani 230,000 kwa mwaka. Kisha kamba za plastiki zikashusha bei, mashamba mengi yakataifishwa baada ya Azimio la Arusha la 1967, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeporomoka hadi kwenye tani 20,000 hivi. Anayepita leo kati ya Pangani na Muheza ataona mistari ya mkonge mpya kando ya vichaka vilivyomeza ule wa zamani.

Kenya nayo ilianza kilimo hicho mwanzoni mwa karne ya 20, kwenye mashamba ya jirani na Thika, kwa miche iliyotoka upande wa Wajerumani. Mkonge wa Kenya kwa hiyo ni uzao wa ule wa Kikogwe. Na Kenya ilifanya jambo ambalo sisi hatukulifanya: ilipokea kiwanda. Mbao za Winmau, kampuni iliyo chini ya Nodor, hutengenezwa Kenya kwa mkonge wa Afrika Mashariki, na tangu 2022 ndizo mbao rasmi za PDC, shirika linaloendesha mashindano makubwa ya vishale vya kulipwa duniani. Kila kishale kinachorushwa pale jukwaani London kinatua juu ya jani lililokatwa katika ukanda wetu huu.

Sasa tumtazame anayerusha.

Luke Littler alizaliwa Januari 21, 2007 huko Runcorn, kaskazini-magharibi mwa Uingereza, akakulia mji wa jirani wa Warrington. Alianza kurusha akiwa na miezi 18, kwa vishale vya sumaku, angali na nepi. Wengi hupenda kuishia hapo, kana kwamba sumaku ile ilitosha. Mimi naona jambo zito zaidi lilitokea alipokuwa na umri wa miaka tisa hivi, alipopokelewa katika chuo cha vishale cha watoto cha St Helens. Huko kulikuwa na mbao zimepangwa ukutani, makocha wa kujitolea, watoto wenzake wa kushindana nao, na ligi za vijana zenye ratiba na kumbukumbu. Mtoto hakulazimika kusubiri walevi wamalize ndipo apewe zamu. Aliingia kwenye mchezo wa baa bila kupitia baa.

Ni vyema kueleza kwa nini malezi hayo yana uzito. Mchezo huanza na alama 501, na kila mmoja hupunguza zake kwa vishale vitatu vitatu hadi zifike sifuri kamili; kishale cha mwisho sharti kitue kwenye kitovu cha ubao au kwenye ukanda mwembamba wa nje unaozidisha alama mara mbili. Ukanda huo una upana wa milimita 8. Ule wa ndani unaozidisha mara tatu nao ni milimita 8, na humo ndimo zinamopatikana zile 60 za kishale kimoja na 180 za vitatu. Namba zimepangwa kwa ukatili: ishirini imezungukwa na moja na tano, ili anayekosa kidogo aadhibiwe sana. Mchezaji husimama umbali wa mita 2.37, na kitovu cha ubao kiko mita 1.73 kutoka sakafuni. Hakuna upepo, hakuna mwamuzi wa kulaumiwa, hakuna mwenzako wa kukupa pasi mbovu. Anachohitaji mtu ni kurudia mrusho uleule mara elfu nyingi hadi mkono uache kufikiri, na hesabu za kutoa zitoke kichwani haraka kuliko pumzi. Mtoto aliyeanza akiwa na miaka tisa ana hazina ya mirusho ambayo mtu mzima hawezi kuinunua.

Hazina hiyo ilionekana Desemba 2023. Littler, bingwa mpya wa dunia wa vijana, aliingia ukumbi wa Alexandra Palace, London, kucheza ubingwa wa dunia wa PDC akiwa na miaka 16 na katika mechi yake ya kwanza akamfunga Christian Kist wa Uholanzi seti 3 kwa 0. Akaendelea. Alimtoa Raymond van Barneveld, bingwa wa dunia mara tano, mtu aliyemhusudu tangu utotoni. Akamtoa Rob Cross katika nusu fainali. Januari 3, 2024 alisimama fainali dhidi ya Luke Humphries na kupoteza kwa seti 7 kwa 4. Alirudi nyumbani na pauni 200,000, na Uingereza nzima ilikuwa imekesha ikimtazama. Mwaka mmoja kamili baadaye, Januari 3, 2025, alimshinda Michael van Gerwen 7 kwa 3 na kuwa bingwa wa dunia mdogo kuliko wote katika historia, hajatimiza miaka 18. Januari 2026 akalitetea taji hilo kwa kumfunga Gian van Veen 7 kwa 1, safari hii zawadi ikiwa pauni milioni moja.

Katika mashindano hayohayo yaliyoanza Desemba 2025 ndipo Afrika Mashariki ilipopanda jukwaani. PDC ilikuwa imeongeza washiriki kutoka 96 hadi 128, na milango ikapanuka kidogo kwa mabara yaliyosahauliwa. Afrika Kusini ilikwisha kuonyesha njia: Devon Petersen alishinda taji la PDC nchini Ujerumani mwaka 2020, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Safari hii, kupitia mchujo wa Afrika, alipatikana David Munyua wa Kenya, daktari wa mifugo mwenye umri wa miaka 30, Mkenya wa kwanza kucheza ubingwa huo. Alipangiwa Mike De Decker wa Ubelgiji, bingwa wa World Grand Prix wa 2024.

De Decker alichukua seti mbili za kwanza, na kwa mwendo wa kawaida mechi ilikuwa imekwisha. Munyua akashinda ya tatu, akashinda ya nne, na katika ya tano akamtoa. Seti 3 kwa 2, mbele ya ukumbi ambao watazamaji wake wengi hawakuwa wamewahi kulisikia jina lake saa moja kabla. Raundi iliyofuata alitolewa, lakini jambo lilikuwa limeshafanyika. Zaidi ya miaka 130 baada ya ile miche ya Kikogwe, mkono wa Afrika Mashariki uliugusa ubao wa Afrika Mashariki kwenye jukwaa kubwa kuliko yote, na ukashinda.

Nilifurahi, na furaha hiyo ilikuja na uchungu. Munyua alifika pale akiwa na miaka 30, akiwa na kazi nyingine ya kumlisha. Littler katika umri huo atakuwa na miaka 14 ya jukwaani nyuma yake. Tofauti ya wawili hawa haikuwekwa na mikono yao.

Tanzania haikosi vishale. Kipo chama chake cha taifa, TADA, na kwa miongo mingi mchezo umekuwa na timu na mashindano mijini. Tatizo ni mahali ubao ulipotundikwa. Uko baa. Na katika mji kama Bagamoyo, wenye misikiti ya kale na madrasa kila mtaa, mzazi gani atamruhusu mwanawe wa miaka tisa aende kushika vishale chini ya rafu ya bia? Hata sheria haimruhusu. Kwa hiyo anayeanza huanza mtu mzima, jioni, baada ya kazi, na kipaji cha utotoni huwa kimeshapotea kwenye manati na maembe. Msichana ndiye anayefungiwa zaidi, ingawa mchezo huu hauhitaji kifua wala urefu, na Fallon Sherrock wa Uingereza aliwafunga wanaume wawili katika ubingwa huohuo wa dunia Desemba 2019.

Wala asije mtu akasema vijana wa Bagamoyo hawana subira ya kurudia jambo moja maelfu ya mara. Mji huu una Chuo cha Sanaa tangu 1981, ambacho leo ni TaSUBa. Kabla yake, kwa wengi, ngoma ilikuwa jambo la jando, la harusi na la mazishi. Chuo kilipojengwa, kupiga ngoma kukawa kazi yenye mwalimu, mtihani na safari za nje. Hukwe Zawose alitoka Ugogo akaja kufundisha hapa, na jina lake likasikika duniani. Kilichobadilika ni kwamba palikuwa na mahali pa kujifunzia. St Helens ilifanya jambo hilohilo kwa vishale.

Njia ya kulipwa nayo ni ngumu, wala haifai kuwaficha vijana. PDC hutoa kadi 128 tu za uchezaji, kila moja ya miaka miwili, na anayezitaka kwa mchujo wa wazi huenda Uingereza au Ujerumani mwezi Januari, kwa nauli yake, kwa viza yake, akashindane na mamia ya wengine. Kwa Mwafrika, mchujo wa bara ndio mlango wa karibu zaidi, na Munyua amethibitisha kwamba unapitika. Lakini mlango huo hauwezi kupitwa na aliyeanza juzi.

Gharama ya mwanzo si kubwa. Ubao mmoja, seti chache za vishale, ukuta imara, ubao wa mbao kuzunguka kuzuia vinavyokosa, mstari sakafuni kwenye mita 2.37, na mwalimu wa hesabu aliye tayari kubaki shuleni baada ya vipindi. Watoto wanaotoa 57 kutoka 501 kichwani, kisha 85 kutoka kwenye jibu, watamfaa hata darasani. Mashindano ya michezo ya shule za msingi na sekondari, UMITASHUMTA na UMISSETA, yana nafasi ya mchezo usiohitaji uwanja. Bodi ya Mkonge ina makao yake Tanga, na TADA ina wachezaji wenye uzoefu wanaoweza kufundisha. Taasisi hizo mbili zikikaa meza moja na shule chache za Bagamoyo na Pangani, mashindano ya kwanza ya watoto yanaweza kufanyika kwenye uwanja wa TaSUBa wakati wa Tamasha la Bagamoyo, mchana, bila chupa ya bia.