"Ets" Mbele ya Jina: Vibao vya Biashara katika Butembo na Beni

Juu ya milango ya maduka ya Butembo na Beni kifupisho kimoja hurudiwa: Ets, kutokana na neno la Kifaransa établissements, kikifuatwa na jina la mwenye duka. Aghalabu msomaji hudhani kwamba ameona jina la kampuni. Kisheria sivyo. Ets ni jina la biashara ya mtu mmoja, wala halina nafsi yake mbele ya sheria. Deni la duka ni deni la mwenyewe, naye aweza kudaiwa hadi nyumba yake.

Jina lenyewe lina historia. Wanande huwapa watoto majina kwa kufuata mpangilio wa kuzaliwa. Kwa hiyo wenye kuitwa Kambale, Kasereka au Masika ni wengi mno. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilipopiga marufuku majina ya Kikristo, kipambanuzi kimoja kiliondolewa. Jina la pili, au herufi za mwanzo za majina, ndilo lililobaki kumtenga mfanyabiashara mmoja na mwenzake.

Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kuwa biashara za wageni zitatiwa mikononi mwa raia. Wafanyabiashara wa Butembo, hata hivyo, walijijenga zaidi kwa safari zao wenyewe, bidhaa zikipitia Kasindi, Uganda na bandari ya Mombasa. Katika biashara hiyo ya mkopo na kuaminiana, jina la mtu lilikuwa dhamana kuliko hati.

Lakini dhamana hiyo hufa pamoja na mwenyewe. Akifariki, duka huingia katika urithi sawa na shamba na nyumba. Wadai hubisha hodi kwa mjane, na warithi hugawana shehena badala ya kuiendeleza.

Tangu tarehe 12 Septemba 2012, sheria za OHADA zinatumika nchini Kongo. Zinamruhusu mtu mmoja kuunda kampuni ambayo dhima yake haivuki mtaji alioutia. Kampuni hiyo hudumu hata mwanzilishi akifa. Mchuuzi mdogo naye anayo hadhi ya entreprenant, inayopatikana kwa tamko tu katika daftari la biashara, ingawa haitengi mali yake na ya duka.

Basi tofauti kati ya Ets na SARL si ya herufi tu. Ni tofauti kati ya jina linalozikwa na jina linalorithiwa.