Video za mafunzo ya mtandaoni: Jinsi ya kuziandaa ziwafae wanafunzi wa Lodwar na Kakuma

VIDEO ya mafunzo ni filamu fupi inayomwonyesha mwanafunzi namna ya kutenda kazi fulani, ili naye aweze kuitenda bila mwalimu kuwa kando yake. Huwekwa mtandaoni pamoja na maelezo na maswali, na imekuwa nguzo muhimu ya kozi nyingi za ufundi, tarakilishi na biashara.

Katika Kaunti ya Turkana, video hizi zina uzito wa kipekee. Kutoka Kitale hadi Lodwar ni karibu kilomita 300, na kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kilomita nyingine zipatazo 120. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu 926,976 katika kaunti hiyo, ambao wengi wao huishi mbali na chuo chochote.

Kambi ya Kakuma ilianzishwa mwaka wa 1992, wakati maelfu ya vijana waliotoroka vita nchini Sudan walipowasili. Pamoja na makazi ya Kalobeyei, yaliyoanza kupokea watu mwaka wa 2016, ina wakimbizi zaidi ya 200,000. Mkimbizi huhitaji kibali ili asafiri nje ya eneo hilo. Kwa kijana wa aina hiyo, kozi ya mtandaoni yaweza kuwa njia pekee ya kupata cheti. Video ikiwa mbovu, hupoteza bando alilolinunua kwa taabu, na huenda akaiacha kozi yenyewe.

MSINGI ULIOPO

Elimu kwa njia ya picha si jambo geni katika eneo hilo. Tangu mapema miaka ya 2000, shirika la FilmAid limekuwa likionyesha filamu za mafunzo kwa wakazi wa kambi ya Kakuma na kuwafunza vijana kazi ya kupiga na kuhariri picha.

Masomo ya juu kwa njia ya mtandao yalifika kambini mwaka wa 2010 kupitia mpango wa Wajesuti ambao baadaye uliitwa Jesuit Worldwide Learning. Kituo cha InZone cha Chuo Kikuu cha Geneva nacho kimeendesha kozi huko. Mjini Lodwar kuna Chuo Kikuu Kishiriki cha Turkana, kilicho chini ya Chuo Kikuu cha Masinde Muliro. Huko Loropio, kando ya Ziwa Turkana, shirika la Learning Lions huwafunza vijana kazi za tarakilishi na utayarishaji wa picha, katika majengo yaliyobuniwa na msanifu Francis Kéré na kukamilika mwaka wa 2021.

Hivyo, watu wenye ujuzi wa kupiga picha wapo. Kinachohitajika zaidi ni mpango unaoanzia kwa mwanafunzi mwenyewe: simu aliyo nayo, lugha anayoielewa, na kazi anayotaka kuiweza.

VIDEO MOJA, KAZI MOJA

Kosa la kawaida ni kulirekodi somo zima la darasani na kulipakia mtandaoni jinsi lilivyo. Mwaka wa 2014, watafiti Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin walichapisha uchunguzi wa vipindi milioni 6.9 vya utazamaji katika kozi za jukwaa la edX. Waligundua kwamba muda wa kawaida ambao mwanafunzi huitazama video hauzidi dakika sita, hata video yenyewe iwe ndefu kiasi gani.

Kwa hivyo mtayarishaji huanza kwa kuandika sentensi moja: mwanafunzi akimaliza kutazama, ataweza kufanya nini? Sentensi kama vile "ataelewa umeme wa jua" haifai, kwa kuwa haipimiki. Sentensi "ataweza kuunganisha betri, kidhibiti chaji na paneli kwa mpangilio salama" inafaa, kwa sababu mtu anaweza kutazamwa akiifanya kazi hiyo.

Mfano huo una faida nyingine. Katika mifumo midogo ya sola, betri ndiyo huunganishwa kwanza na kidhibiti chaji, kisha paneli, na mwisho taa au vifaa vingine. Wakati wa kufungua, mpangilio huwa kinyume chake: vifaa hutangulia kutolewa, kisha paneli, na betri huwa ya mwisho. Anayeunganisha paneli kabla ya betri anaweza kukiharibu kidhibiti. Video inayoonyesha waya zote zikiwa tayari mahali pake, bila kuonyesha ipi ilitangulia, huwa imeficha jambo lililo muhimu kuliko yote.

MSWADA KWANZA, KAMERA BAADAYE

Mswada mzuri hugawanywa safu mbili: upande mmoja picha itakayoonekana, upande wa pili maneno yatakayosemwa. Msemaji akienda kwa maneno yapatayo 100 kwa dakika, video ya dakika tano haitazidi maneno 500. Hesabu hiyo humlazimu mwandishi kuondoa salamu ndefu, sifa za shirika na historia isiyohitajika.

Profesa Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ambaye kitabu chake kuhusu ujifunzaji kwa picha na maneno kilitoka mwaka wa 2001, ameonyesha kwamba watu hujifunza vyema zaidi maneno na picha vikienda pamoja, na mambo ya kando yakiondolewa. Muziki unaoshindana na sauti ya mwalimu ni miongoni mwa mambo hayo. Aidha, husaidia somo kugawanywa vipande ambavyo mwanafunzi anaweza kuvisimamisha na kuvirudia.

Baada ya kila hatua, basi, msemaji hunyamaza kidogo au humwambia mtazamaji asimamishe video na ajaribu mwenyewe.

LUGHA NA SURA YA MWALIMU

Mjini Lodwar, Kiturkana na Kiswahili husikika kila mahali. Huko Kakuma huongezeka Kisomali, Kiarabu, Kidinka, Kinuer, Kirundi, Kiamhari, Kioromo na Kiswahili cha Kongo, ambacho hutofautiana na cha Kenya katika maneno mengi ya ufundi. Video ya Kiingereza pekee huwaacha nje watu walio na uwezo mkubwa wa mikono.

Njia iliyo rahisi ni kupiga picha mara moja na kurekodi sauti mara nyingi. Ili hilo liwezekane, picha haipaswi kujazwa maandishi, na mwalimu asionekane akisema kwa muda mrefu, maana midomo haitaoana na sauti ya lugha nyingine. Mikono na vifaa ndivyo hupewa nafasi kubwa. Kamera ikiwekwa nyuma ya bega la fundi, mtazamaji huiona kazi kama atakavyoiona akiifanya mwenyewe.

Nchini India, mradi wa Digital Green ulioanza mwaka wa 2006 ulitumia video za wakulima wa vijiji vyenyewe, zikionyeshwa na msimamizi aliyesimamisha picha na kuuliza maswali. Majaribio yake ya awali yalionyesha ufanisi wa mara 10 kwa kila dola iliyotumika, ukilinganishwa na njia ya kawaida ya maafisa wa kilimo. Funzo lake laihusu Turkana pia: fundi wa Lodwar anayefahamika kwa kazi yake anaweza kuaminika upesi kuliko mtaalamu asiyejulikana. Uchunguzi wa edX ulikubaliana na hilo kwa kiasi fulani, kwani ulionyesha kwamba video zenye hali ya mazungumzo ya karibu zaweza kuvutia kuliko zile za studio ya gharama kubwa.

JUA, UPEPO NA VUMBI

Lodwar iko karibu na Ikweta, na jua la mchana hutupa vivuli vizito na kuifanya mikono ionekane nyeusi mbele ya mchanga mweupe. Saa zinazofaa kwa kazi ya nje ni kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu asubuhi, au baada ya saa kumi jioni. Kivuli cha mti au cha ukuta husaidia, mradi sehemu yote inayopigwa picha iwe ndani ya kivuli.

Simu iliyoachwa juani hupata moto na kujizima. Vumbi nalo huifunika lenzi, hivyo kitambaa safi ni kifaa cha lazima. Simu huwekwa juu ya stendi, au hata juu ya rundo la matofali, ili picha isitikisike.

Hata hivyo, sauti ndiyo huharibu video nyingi zaidi. Mtazamaji huvumilia picha yenye ukungu kidogo, lakini hawezi kufuata maelekezo asiyoyasikia. Upepo ukivuma, ni heri picha zipigwe nje na sauti irekodiwe baadaye ndani ya chumba kidogo chenye mablanketi na nguo zilizotundikwa. Chumba cha mabati hakifai mchana, kwa vile mabati hulia yanapopata joto.

UZITO WA FAILI

Video ya dakika sita iliyobanwa hadi kilobiti 500 kwa sekunde huwa na takriban megabaiti 23. Ikiachwa kwa kilobiti 4,000 kwa sekunde, hufikia megabaiti 180. Kwenye kioo kidogo cha simu, tofauti ya picha huwa ndogo, ilhali tofauti ya gharama ni karibu mara nane.

Kwa hivyo kila video hutolewa kwa ukubwa wa aina mbili, uzito wake ukitajwa kabla ya mtu kuipakua. Nakala huwekwa pia kwenye memori kadi, au kwenye programu kama Kolibri, inayowezesha tarakilishi moja kugawa masomo kwa simu zilizo karibu bila intaneti. Maandishi yoyote kwenye picha yawe makubwa, na yajaribiwe kwenye simu ya bei nafuu wala si kwenye kipakatalishi cha mhariri.

HESHIMA NA SHERIA

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019 inahesabu sura na sauti ya mtu kuwa habari zake binafsi zikiweza kumtambulisha. Idhini hutafutwa kwa lugha anayoielewa, naye huelezwa video itasambazwa wapi. Ndani ya kambi, ruhusa ya Idara ya Huduma kwa Wakimbizi hutangulia. Baadhi ya wakazi waliwakimbia watu ambao huenda wangali wanawatafuta. Kwao, picha iliyosambaa mtandaoni ni hatari halisi. Kuonyesha mikono bila uso mara nyingi hutosheleza haja ya somo.

KIPIMO CHA MWISHO

Idadi ya watazamaji haithibitishi kwamba watu wamejifunza. Kabla ya kuisambaza video, mtayarishaji huwapa wanafunzi watatu au wanne ambao hawajawahi kuifanya kazi hiyo, huwakabidhi vifaa, kisha hunyamaza na kuwatazama. Mahali wote wanapokwama ndipo penye kasoro, na ndipo panapostahili kupigwa upya. Iwapo wote wataunganisha betri kabla ya paneli bila kuuliza, video hiyo iko tayari kusafiri hadi pale ambapo mwalimu hafiki.