Karne ya Kunasa Sauti: Kutoka Misitu ya Amani hadi Muziki wa Kielektroniki

Mwaka 1902 utawala wa Kijerumani ulifungua taasisi ya utafiti wa baiolojia na kilimo huko Amani, Usambara Mashariki. Mibuni, mipira na mikwinini ilioteshwa kwa majaribio, na sampuli za mimea, wadudu na ndege zikasafirishwa Ulaya zikiwa zimekaushwa na kupewa majina. Sauti za msitu hazikukaushika. Historia ya kuzinasa ilipita njia nyingine, nayo ndiyo iliyotufikisha kwenye sanaa inayowashangaza wengi leo: muziki unaotungwa kwa kompyuta kutokana na mvumo wa mvua, milio ya wadudu na kelele za mitaani. Anayetaka kuielewa sanaa hiyo aanze na swali la zamani: nani alinasa, alimnasa nani, na alichonasa kiliwekwa wapi?

Berlin ilianza kukusanya sauti za dunia mwaka 1900, Carl Stumpf alipoanzisha hifadhi ya fonografu. Mwaka 1906 Karl Weule alizuru kusini mwa koloni, kutoka Lindi hadi Uwanda wa Makonde, akanasa nyimbo kwenye silinda za nta. Silinda moja ilibeba dakika chache tu, hivyo ngoma ya kukesha ilibaki kipande. Mwaka 1999 UNESCO iliiingiza hifadhi hiyo katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia. Ni heshima inayostahili, lakini waimbaji wengi wa silinda za zama zile walibaki bila majina.

Amani yenyewe ilipata msikivu wake mkubwa chini ya Waingereza. Reginald Moreau alifika mwaka 1928, akakaa hadi 1946, na kazi yake juu ya ndege ikampa jina duniani. Kando yake alikuwepo Salimu Asmani, Mwafrika aliyewatafuta na kuwachunguza ndege hao siku baada ya siku. Katika msitu mnene ndege husikika kabla hajaonekana, kwa hiyo sikio la mtu aliyeuzoea msitu lilikuwa chombo cha utafiti sawa na darubini. Mwaka 1931 ndege mdogo wa Amani anayejificha kwenye mitambaazi alipewa jina la kisayansi lenye jina la Moreau ndani yake. Tukiandika historia ya usikivu Usambara, Salimu Asmani aandikwe ukurasa wa kwanza.

Vinasa sauti vilipokuwa vyepesi, sayansi ya milio ilikua haraka. Myles North, ofisa wa serikali ya kikoloni nchini Kenya, alinasa sauti za ndege ambazo Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kilizitoa katika santuri mwaka 1958. Mwaka 1975 Arne Schiøtz wa Denmark alichapisha kitabu juu ya vyura wa mitini wa Afrika Mashariki, akitumia milio kutofautisha spishi. Katika miaka ya 1990 Simon Bearder na wenzake walionyesha kwamba komba wanaofanana kwa macho wanaweza kutenganishwa kwa milio yao ya usiku. Sauti ikawa ushahidi, na misitu ya pwani na ya milima ya Tao la Mashariki ikawa mahali pa kuupata.

Wakati huohuo sauti zilianza kuwa malighafi ya muziki, na hapa Afrika ilitangulia. Mwaka 1944 huko Cairo, Halim El-Dabh, kijana aliyesomea kilimo, aliazima kinasa sauti cha waya kutoka kituo cha redio, akanasa sherehe ya zaar, ndugu wa ngoma za pepo za pwani yetu. Kisha akaichezea sauti hiyo studioni: akaondoa baadhi ya sehemu, akaongeza mwangwi, hadi ukabaki mvumo wa ajabu. Pierre Schaeffer wa Ufaransa, anayetajwa mara nyingi kuwa mwanzilishi wa muziki wa aina hii, alitoa kazi yake ya sauti za treni mwaka 1948, miaka minne baadaye.

Afrika Mashariki iliendelea kunaswa na wageni. Hugh Tracey alizunguka Tanganyika mwaka 1950, na mwaka 1954 akaanzisha maktaba ya muziki wa Kiafrika huko Afrika Kusini. Mwaka 2003 Mwingereza Chris Watson alifupisha saa 14 za Maasai Mara kuwa dakika 18, bila kuongeza ala yoyote. Mwaka 2011 Mjerumani Sven Kacirek alitoa albamu aliyoijenga juu ya sauti alizonasa kwa wanamuziki wa Kenya.

Mgeuko mkubwa umeletwa na mwana wa Nairobi. Joseph Kamaru, ajulikanaye kama KMRU, ni mjukuu wa mwanamuziki mashuhuri wa Kikuyu mwenye jina hilohilo. Albamu yake *Peel* ya mwaka 2020 inachanganya sauti alizonasa mwenyewe na mivumo mirefu ya kielektroniki. Katika *Temporary Stored* ya mwaka 2022 alichukua sauti za Kiafrika zilizohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, akazitungia kazi mpya. Uzito wa kazi hiyo uko hapo: mrithi anafungua sanduku lililofungwa na wakoloni, na anaamua mwenyewe la kufanya na yaliyomo.

Amani ina kila kitu kinachohitajika kuendeleza njia hiyo: hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 1997, komba na perere wa usiku, hondohondo, maji ya Mto Zigi, mashamba ya chai, na wazee wa Kisambaa wenye nyimbo zao. Vijana wetu wanazo simu zinazonasa vizuri kuliko fonografu ya Weule. Basi wanase, watunge, na kila sauti iandikiwe mahali, tarehe na jina la aliyeitoa, kwa ridhaa yake. Nakala ya kwanza ibaki nchini, katika vyuo na makumbusho yetu, kabla ya kwenda kokote. Sanaa isiyomtaja mwenye sauti inarudia kosa la silinda za nta, hata ikitengenezwa kwa kompyuta mpya kabisa.