Ini na Sumu ya Muhogo

Muhogo si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni Amerika ya Kusini, na Wareno ndio waliouleta katika bara letu katika karne ya 16. Hapa Kyumbi, njia ya Machakos inapoachana na barabara kuu ya Nairobi na Mombasa, na kote Ukambani ambako mvua ni ya kubahatisha, zao hili huthaminiwa kwa kuwa lavumilia ukame. Lakini muhogo mchungu hutoa sumu iitwayo sianidi, na historia ya sumu hiyo yatufundisha jambo kubwa juu ya miili yetu.

Mwaka 1933 mtaalamu wa Kijerumani, Konrad Lang, alieleza habari za kimeng'enya kiitwacho rodanesi. Kimeng'enya ni kitu cha mwilini kinachoharakisha kazi za kikemia. Rodanesi huiunganisha sianidi na salfa, ikawa thayosianeti, ambayo ukali wake ni mdogo, nayo hutoka kwa mkojo. Katika kazi hiyo huzaliwa salfaiti, nayo pia yaweza kudhuru. Basi kimeng'enya cha pili huigeuza kuwa salfeti, isiyo na madhara.

Je, walinzi hawa wawili wamegawanywa sawasawa mwilini? La. Ini lina rodanesi tele, na figo nazo zina nyingi. Misuli ina kidogo. Kadhalika kimeng'enya cha salfaiti kina nguvu katika ini, figo na moyo, bali katika ubongo ni hafifu. Mpango huu una faida, kwa maana damu itokayo matumboni hupita kwanza katika ini. Hata hivyo uchache si upuuzi. Mwaka 1967 wataalamu wa Marekani walieleza habari za mtoto aliyezaliwa bila kimeng'enya hicho cha pili: ubongo wake uliharibika vibaya.

Lakini mlinzi hodari hafai kitu akikosa silaha. Salfa ya kuishinda sianidi hutoka katika protini ya chakula, kama vile samaki, nyama, mayai na kunde. Mtu alaye muhogo mtupu siku baada ya siku huliacha ini lake mikono mitupu.

Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli aliandika juu ya ugonjwa wa Kwango, katika Kongo ya Wabelgiji. Wayaka waliuita konzo, yaani miguu iliyofungwa, kwa sababu miguu hukakamaa ghafula, isipate kupona kabisa. Mwaka 1981 ugonjwa huo uliwapata watu zaidi ya 1,000 katika jimbo la Nampula, Msumbiji. Na mwaka 1985 ukazuka Tarime, Tanzania. Huko Nampula na Tarime ukame ulitangulia. Njaa iliwahimiza watu kufupisha siku za kuutayarisha muhogo, na chakula chenye protini kilikuwa kimeadimika. Waliopatwa zaidi walikuwa wanawake na watoto.

Basi, kijana msomaji, usiudharau muhogo, uliookoa wengi na njaa. Heshimu kazi ya mama zetu ya kuumenya, kuuloweka na kuuanika hadi ukauke, kisha uule pamoja na kunde. Haraka ya siku moja jikoni yaweza kumnyima mtoto mwendo wa maisha yake yote.