Mahindi Yana Majina Mengi

Katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa lugha ya wenyeji walio wengi ni Kimwera. Lakini mtu akizunguka masoko yetu atasikia pia Kiyao, Kimakonde, Kimakua na Kingindo, na juu ya zote Kiswahili. Zote ni lugha za Kibantu, ndugu wa ukoo mmoja. Kile ambacho Mswahili hukiita maji, Myao hukiita mesi na Mmakonde medi. Asiyejua historia atadhani kwamba mmoja anasema sawasawa na wengine wanaharibu. Kumbe kila mmoja amerithi neno lile lile la kale na kulitunza kwa namna ya kwao.

Yapo na maneno ambayo hayakurithiwa, bali yalifuata vitu vilivyoletwa. Chukua mahindi. Asili ya zao hili ni Amerika, nalo lilifika Afrika katika karne ya 16, hasa kwa njia ya Wareno. Watu wa pwani wakalinasibisha na Hindi. Wayao wakaliita imanga, yaani la Manga, na Manga ndiyo Uarabuni, kama tusemavyo pilipili manga. Hakuna aliyeipata nchi yenyewe, lakini kila jina limetunza mlango ambao mbegu ilidhaniwa kuingilia. Karanga nazo, zenye asili ya Amerika vilevile, Unguja huitwa njugu nyasa. Jina hilo linatukumbusha misafara iliyokatiza nchi yetu kutoka Ziwa Nyasa hadi Kilwa na Lindi, ikibeba pembe za ndovu na, kwa huzuni kubwa, watumwa.

Karanga hizo hizo ndizo zilizoleta mchanganyiko mwingine. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha Mradi wa Karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya vituo vyake. Pakaja matrekta, reli ya kutoka pwani, na vibarua wa makabila mengi. Mradi ulivunjwa mwaka 1951, na reli ikang'olewa miaka ya mwanzo ya uhuru, lakini maneno hayakung'olewa. Mojawapo ya mashamba yale liliitwa Farm 17, na jina likabaki hata wapigania uhuru wa FRELIMO walipoweka kambi yao hapo katika miaka ya 1960. Kisha miaka ya 1970 vikaja vijiji vya ujamaa, na kaya zilizokuwa mbalimbali zikawa jirani. Katika ndoa nyingi za wakati huo mama alikuwa na neno lake, baba na lake, na mtoto akachukua yote mawili.

Shuleni mambo yalikuwa tofauti. Mwaka 1928 Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1967 Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi. Faida yake ni kubwa, wala sitaki kuipunguza: taifa letu lilipata kauli moja. Lakini mtoto wa Kimwera aliyeandika mundu, akikusudia mtu, alikuwa mbele ya mwalimu aliyeona chombo cha kukatia majani. Wenzake wakacheka. Hakukosea lugha, alikuwa amevuka mpaka wa lugha mbili bila kuonyeshwa kwamba mpaka upo. Mtoto akichekwa mara tatu kwa neno la mama yake, siku ya nne atalificha, na akiwa mzazi hatalifundisha.

Hapo ndipo hasara ilipo. Mwaka 1950 Lyndon Harries, mmisionari aliyefanya kazi huku kusini, alichapisha sarufi ya Kimwera. Ni kazi ya kuheshimiwa, lakini sarufi huonyesha jinsi maneno yanavyojengeka. Haiwezi kukusanya majina ya mizizi ya porini iliyoliwa wakati wa njaa, wala ya miti ya dawa, ambayo huenda yakabadilika baada ya kuvuka mto mmoja. Majina hayo yamo vichwani mwa wazee, na wazee tunapungua.

Kwa hiyo nawashauri walimu vijana jambo dogo. Wapeni wanafunzi maneno kumi: maji, jembe, mahindi, mvua na mengineyo. Waende kwa bibi na babu, waandike kila neno kama linavyotamkwa nyumbani kwao, pamoja na mahali bibi huyo alikozaliwa. Madaftari yakirudi, msisahihishe kwa wino mwekundu. Yalinganisheni, kisha ulizeni kila neno lilipita njia gani hadi kufika kijijini kwenu.